Akina Mama, Stilwulu na Mnara wa Mashujaa

"Sasa, ma chérie, uchafu ni gani na heshima ni gani?"

Aliyeniuliza ni Mama Furaha, mzaliwa wa Uvira na mkazi wa Phillips, mtaa wetu huku Minnesota, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika stilwulu, zile nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, iliyokwisha kugeuka kijani. Nyuma yake lilikuwepo bamba kubwa la shaba lenye majina ya wanajeshi wa mji ule waliofia vitani. Asubuhi bamba lilikuwa jeusi kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni. Sasa, isipokuwa kona moja, lilikuwa linang'aa hadi ukilitazama unakunja uso. Mimi ndiye niliyekuwa nikilipwa kujua jibu la swali hilo.

Nyinyi vijana wa kanisani mmeniomba niandike katika kijitabu chenu cha kumbukumbu za wastaafu. Nilicheka. Wenzangu walioandika wana mvi na magoti yanayotabiri theluji. Mimi bado naulizwa kitambulisho cha umri dukani. Lakini bega langu la kulia limestaafu, na bega ndilo lililokuwa likifanya kazi, kwa hiyo nahesabiwa. Najua mtanisoma kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yenu. Nami nitajifanya sikusikia.

Kazi yenyewe ilikuwa kutunza minara ya kumbukumbu: sanamu za bustanini, mabamba ya makaburini, wale askari wa shaba wanaosimama mbele ya ofisi za miji wakingoja basi lisilokuja. Tunaosha, tunaziba nyufa, tunapaka nta. Niliingia kazini humo nikiwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya falsafa, na mama yangu aliwaambia jamaa zetu wa Kisii kwamba nafanya "mambo ya serikali". Karakana ilikuwa Phillips, nyuma ya duka la matairi. Mwenyewe aliitwa Arvid, mzee mrefu ambaye babu zake walitoka Norwei, na ambaye alitumia maneno kwa uangalifu kana kwamba yangeisha kabla ya majira ya baridi. Sifa yake kubwa kuliko zote ilikuwa "si mbaya sana". Nilipoisikia mara ya kwanza nililia chooni. Baadaye niligundua kwamba mkewe alimpikia keki ya harusi yao, naye akasema hivyohivyo, na bado wameoana.

Nitawapa mambo machache ya kazi, mkipenda yatumieni hata kwa gari. Maji yatangulie mkono. Ukisugua kitu kikavu, chembe moja ya mchanga ni msumari. Sabuni iwe nyepesi, isiyo na harufu ya maua. Mashujaa hawahitaji kunukia waridi. Nta haipakwi kwenye shaba baridi. Unapasha bamba moto kwa kichomeo cha gesi, polepole, ukipitisha kama unayepiga pasi hariri, mpaka nta ikigusa inayeyuka kama siagi juu ya chapati. Ikitoa moshi, umezidisha. Halafu unang'arisha kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka kikachoka. Arvid alikuwa na fulana zake kuukuu alizozitunza sandukuni, lakini leso moja ya mama yangu, iliyochakaa hata maandishi yake hayasomeki, ilizishinda zote. Alikubali kwa shingo upande. "Si mbaya sana," akasema, akainyang'anya.

Na pigeni hodi. Hilo nililijifunza katika bustani moja ya Eagan, nilipofungua bamba lililokuwa limelegea bila kuligonga kwanza. Nyuma yake walikuwa wanaishi nyigu, ukoo mzima. Nilikimbia bila kutazama niendako na nikaingia katikati ya maharusi waliokuwa wakipigwa picha kando ya ziwa. Nasikia nipo kwenye picha mbili, na moja wameiweka ukutani. Tangu siku hiyo Arvid, kabla ya kushika bisibisi, aligonga shaba mara kadhaa na kusema "Hodi!" kwa sauti ya mtu wa Duluth, mji wa kaskazini kwenye baridi kali. Hakuwahi kujua neno jingine la Kiswahili, wala hakulihitaji.

Kitu tulichobishana sana ni weusi. Shaba ikikaa nje kwa miaka, mvua na theluji zinaivika rangi: kahawia, kijani, nyeusi. Arvid aliita ngozi. Alisema kazi yetu ni kuiosha ngozi, si kuichuna. Mimi nilisema ni chuma kinachooza, na watu wamezoea kukiona kikioza mpaka wakakipenda. Nani aliamua? Kwa nini kitu kikizeeka kwa kutojaliwa kinaitwa cha heshima? Tulibishana barabarani, tukabishana juu ya ngazi. Akichoka alisema, "Niulize baada ya chakula." Baada ya chakula alilala.

Sasa turudi kwa Mama Furaha na stilwulu yake. Ili muelewe, lazima niwaambie kwanza habari za Mama Brian.

Wakubwa kati yenu wanamkumbuka Brian. Alipiga ngoma kwaya ya vijana, na alikuwa akiongeza mapigo ambayo hayamo kwenye wimbo, hata mchungaji akamwonya. Alipomaliza shule aliingia jeshini. Alifia ng'ambo, gari la jeshi lilipopinduka. Mama yake ni nesi, anaishi New Hope, na mnara uko katika mji mdogo wa jirani ambako Brian alikulia. Jina la mji huo sitalitaja. Kamati ya askari wazee ndiyo inayoamua jina lipi liingie mnarani. Wengine walisema mnara ni wa waliopigwa risasi, si wa waliopata ajali. Mama Brian alihudhuria kila kikao akiwa na sare yake ya kazi, akakaa kiti cha mbele, na zamu yake ikifika alisema sentensi ileile: "Alitoka hapa mzima, na mlimtuma nyinyi." Kila mara aliambiwa huenda mwaka ujao. Mwishowe mwenyekiti, Mzee Walter, mtu mkali mwenye masharubu meupe, aliinua mkono kumuunga, na wenzake wakafuata. Ikakubaliwa kwamba jina la Brian litaandikwa kwenye kibamba kidogo, na kitafungwa chini ya bamba kubwa Siku ya Kumbukumbu, Jumatatu ya mwisho ya Mei.

Kibamba tulikiandaa sisi. Mama Brian alikuja karakanani kukiona. Kilikuwa kimetoka kwenye kalibu kiking'aa, nasi tulikuwa tumejaribu kukitia weusi kifanane na wenzake, lakini kilionekana kama mtoto aliyevaa koti la babu yake. Alipitisha kidole juu ya jina, herufi moja baada ya nyingine.

"Kizuri," alisema. "Lile kubwa mtaliosha lini?"

"Jumamosi," nikajibu.

"Basi wamama wa kanisa watakuja kusaidia. Mgeni haletwi kwenye nyumba isiyofagiliwa."

Nilimweleza habari za ngozi ya shaba kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kikisii, maana sote ni wa huko, nikamalizia kwa Kiingereza. Alitikisa kichwa kukubali mpaka mwisho. Arvid naye alifurahi. Kila mara alipenda watu wa mji washiriki.

Jumamosi walifika kwa magari mawili, leso viunoni, chupa za chai, mandazi ndani ya mikebe ya aiskrimu. Wengine walitoka moja kwa moja shift ya usiku na hawakuonyesha dalili yoyote ya kuchoka. Tuliwagawia ndoo na brashi laini. Tatizo likawa maji: bomba la bustani lilikuwa halijafunguliwa tangu majira ya baridi. Mimi na Arvid tukaenda kuomba maji kituo cha zimamoto, upande wa pili wa bustani.

Tungerudi upesi, ila Arvid alikutana na rafiki yake wa zamani. Mmekulia Minnesota, mnajua wenyeji hawaagi mara moja. Wanaaga mezani, wanaaga mlangoni, wanaaga mmoja akiwa garini na mwingine ameegemea dirisha, halafu wanakumbuka habari ya samaki. Ndoo zilikuwa zimejaa zamani, nasi bado tupo kwenye samaki.

Tulipokuwa tunarudi tulisikia pambio kabla ya kuona chochote. Kisha tukaona mwanga.

Mnajua mama zenu walivyolelewa. Kwetu sufuria haisuguliwi ndani tu. Inasuguliwa mgongoni, ukingoni, kwa majivu na kwa nguvu, kisha inaanikwa kichanjani mbele ya nyumba jua liipige na jirani aione. Sufuria yenye mgongo mweusi inatangaza habari za mwenye nyumba, na si habari nzuri. Sasa hebu wapeni wanawake kama hao bamba jeusi, stilwulu, ndimu, majivu kutoka kwenye jiko la kuchomea nyama la bustanini, na pambio lenye beti nyingi.

"Wacheni! Jamani, wacheni!" nilipiga kelele huku ndoo ikinimwagikia viatuni.

"Tuko karibu," mmoja akanijibu bila kugeuka. "Ni hii kona tu imekataa."

"Ule weusi si uchafu! Ni heshima! Umechukua miaka!"

"Sufuria yangu pia ilichukua miaka," akasema Mama Furaha, "na mama mukwe hakuiita heshima." Wakacheka wote. Ndipo alipoweka mkono kiunoni na kuniuliza lile swali, na mimi, msomi wa falsafa, nikabaki naangalia maji yanavyoingia kwenye soksi.

Mama Brian alikuwa amesimama pembeni anakamua kitambaa ambacho tayari kilikuwa kikavu.

Arvid alivua kofia, akainama mpaka pua yake ikakaribia herufi. Alikagua muda mrefu. "Wamefika hadi kwenye pembe za herufi," akasema kwa sauti ya mtu anayeona ajabu. "Si mbaya sana."

"Asante, Mzee Arvid!" wakajibu kwa pamoja.

Na hapo ndipo Mzee Walter alipo-park gari lake. Alikuwa ameleta bendera. Alitembea hatua chache, akasimama, akawa mwekundu kuanzia shingoni kwenda juu.

"Nani amefanya hivi?"

Mama Furaha aliinua stilwulu. "Sisi wote, Papa."

Mzee Walter hakupayuka; angepayuka, ingekuwa afadhali. Alisema bamba litolewe na lipelekwe kwa wataalamu. Arvid akamkumbusha kwamba wataalamu ni sisi. Basi, akasema, hakuna jina litakalofungwa pale mpaka bamba lirudi kama lilivyokuwa, na kwa kuwa sherehe ni wiki ijayo, jambo hilo halitawezekana. Huenda mwaka ujao.

Wamama waliacha kukusanya vitu vyao. Mama Brian alikaa kwenye benchi la mawe. Aliyasikia tena maneno yale, kutoka kwa mtu yuleyule aliyekuwa ameyafuta.

Nikauliza, si kwa ushujaa, ni kwa ugonjwa wangu tu wa kuuliza: "Kama lilivyokuwa lini?"

"Unasemaje?"

"Umesema lirudi kama lilivyokuwa. Lilivyokuwa asubuhi, au lilivyokuwa siku lilipowekwa?"

"Siku zote," akasema. "Lilikuwa la kijani."

Arvid akakohoa. Asubuhi ile halikuwa na kijani ila kwenye pembe. Mzee Walter akawapigia simu wenzake wawili wa kamati waje kuthibitisha. Walikuja na viti vyao vya kukunja na kofia za vikosi vyao. Wa kwanza akasema ni kahawia, kama kahawa yenye maziwa kidogo. Wa pili akasema ni jeusi tii, na kwamba alikuwepo lilipofungwa.

"Ulikuwepo ukiwa umelewa," akasema wa kwanza.

"Na wewe Walter, hata rangi ya gari lako huijui. Uliandika bluu kwenye karatasi ya bima," wa pili akamgeukia mwenyekiti.

"Ni bluu!"

Tukageuka wote kulitazama gari. Lilikuwa kijivu.

Nilikuwa nawatafsiria wale wasiofuata Kiingereza cha haraka, nao walikuwa wakijibana mbavu. Mama Furaha hakuona sababu ya wazee kugombana na matumbo matupu. Akawamiminia chai, akawapa mandazi. Yule wa kahawia akauliza kama hii ni donati. "Ni binamu yake wa kijijini," nikamwambia, akachukua la pili.

"Waambie," Mama Furaha akanigusa, "sisi hatuna ugomvi na weusi. Watuangalie tu vizuri, vraiment."

Nilitafsiri. Wazee wale waliganda, vikombe mikononi, hawajui kama wanaruhusiwa kucheka. Aliyeshindwa kwanza ni Mzee Walter. Chai ilimtoka puani, ikaingia kwenye masharubu, na ikabidi Mama Furaha ampige mgongoni.

Mama Brian akainuka kwenye benchi. Alisema kwa Kiingereza, taratibu, kila mtu akamsikia: "Rangi chagueni nyinyi. Siku siibadilishi."

Mzee Walter alijifuta masharubu, akamtazama, kisha akamtazama Arvid. "Mnaweza?"

"Jua likikubali," akasema Arvid.

Rangi iliyochaguliwa ilikuwa kahawia nzito kwenye uso wa bamba nyuma ya herufi, na herufi zenyewe ziachwe zing'ae. Ilichaguliwa kwa sababu kahawia iliyokolea hivyo hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyekuwa ameitaja, kwa hiyo hakuna aliyeshinda.

Kumaliza kusugua kulikuwa lazima, kwa kuwa dawa ya rangi haishiki sawasawa palipo na ngozi ya zamani. Wamama wakapewa ruhusa rasmi kuishughulikia ile kona iliyokataa. Mzee Walter mwenyewe alikamua ndimu. Halafu mimi nikawasha kichomeo, Arvid akachovya brashi. Dawa ile inanuka mayai viza. Wamama walivuta leso puani na kuuliza kama hii nayo ni heshima. Lakini ilipogusa shaba ya moto, kahawia nzito ilitanda kama wingu linalovuka uwanja wa mpira, na majina yakazama yote. Mtu mmoja akaguna kwa huzuni. Arvid akawagawia vipande vya sufi ngumu ya kusugulia, isiyo ya chuma, akawaonyesha: juu ya herufi tu, kwa kiganja kilicholala, bila kukandamiza. Majina yakaanza kurudi moja moja, na kila lilipotokea aliyelisugua alilisoma kwa sauti. Mngewasikia! Mama wa Uvira anaita majina ya watu wenye asili ya Norwei waliokufa kabla yeye hajazaliwa, naye Mzee Walter anamsahihisha matamshi, anamsimulia: huyu alikuwa na farasi, huyu dada yake aliolewa na mjomba wangu, huyu tulikaa dawati moja.

Kibamba cha Brian kilikuwa ndani ya gari letu. Arvid akasema tukitie rangi palepale, maadamu moto upo na dawa ipo. Kikapata moto uleule, dawa ileile, nta ileile, na leso ya mama yangu ikamaliza kazi. Tulipokiweka chini ya lile kubwa ili tupime mahali pa skrubu, hukuona tena koti la babu.

Mzee Walter alisimama nyuma kabisa, karibu na barabara, akasoma kutoka huko. Kisha akaja akamshika Mama Brian mkono. "Jumatatu," akasema. Basi.

Jumatatu ile kulikuwa na tarumbeta, na kimya, na watu wa mji na kofia zao vifuani. Wamama waliheshimu kimya kile mpaka Mzee Walter alipoondoa kitambaa kilichofunika kibamba. Hapo Mama Furaha alipiga kigelegele, na wengine wakakidaka, na mabata bukini yote ya ziwani yakaruka kwa pamoja. Wazungu waliruka pia. Mtoto mmoja mdogo akaanza kupiga makofi, akifuatwa na mama yake, na muda si mrefu tarumbeta yenyewe, ambayo ilikuwa imemaliza wimbo wake rasmi, ikaanza kutafuta ufunguo wa pambio letu. Haikuupata. Tuliimba hivyohivyo. Mama Brian alicheza, nesi yule mwenye mgongo mbaya, alicheza mpaka kiatu kikamtoka.

Tangu hapo wamama wanaosha mnara kila Mei. Mlangoni mwa bustani Mzee Walter anakagua mikoba yao kutafuta stilwulu, na wanampa mandazi kama mlungula. Lile swali la Mama Furaha bado linanisumbua. Arvid naye, nilipomuuliza siku ya kuagana, alisema nimuulize baada ya chakula. Nawaachia nyinyi, mna mabega mazima.

Ila kuna jambo moja ambalo sikulijua mpaka miaka ilipopita. Tulikuwa tunatoka harusini Eagan, Mama Brian anaendesha, nami namchokoza kuhusu Jumamosi ile, jinsi wenzake walivyokosa kuelewa maelezo yangu yote ya lugha tatu. Hakucheka. Akasema yeye aliyaelewa, kila neno, palepale karakanani. Boksi la stilwulu alilinunua mwenyewe jioni ileile, akalificha chini ya mandazi, na sisi tulipokwenda kutafuta maji ndiye aliyewagawia wenzake.

"Brian nisingeweza kumzeesha afanane na wale," alisema, akiwasha indiketa kuingia barabara kuu. "Kwa hiyo niliwafanya wote wawe wageni wapya kama yeye, siku moja."